Penrith inalea watoto wake alafu inawaacha waende: klabu za raga ligi zinakuzaje vipaji vya nyumbani?

Kila ikifika mwezi wa kumi, fainali ya ligi ya raga ya Australia ikishachezwa, kwenye magrupu yetu ya michezo maswali ni yaleyale. Penrith Panthers walibeba ubingwa 2021, wakabeba 2022, wakabeba 2023, wakabeba 2024, mara nne mfululizo, na kila mara anatokea mtu anaandika "hao wana hela tu, wananunua kila mtu". Mwingine anamjibu hapana, wale ni watoto wa palepale mtaani. Wa tatu anauliza sasa kama ni watoto wao mbona kila mwaka wanaondoka, na wakiondoka klabu inakula shilingi ngapi? Hapo mjadala unavurugika kabisa, maana wengi wetu tumekulia kwenye soka na tunaipima raga kwa kipimo cha Simba na Yanga, au Arsenal na Chelsea. Majibu yapo na sio magumu, ila lazima twende hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane ni raga ipi. Raga tunayoijua sana huku kwetu, ile ya Shujaa wa Kenya waliowafunga Fiji na kuchukua kombe Singapore 2016, ni raga yunioni (ile ya wachezaji 7, na kaka yake mkubwa ya wachezaji 15). Raga ligi ni mchezo mwingine, una wachezaji 13, na timu ikishika mpira inapewa nafasi sita za kuangushwa chini, ya sita ikiisha mpira unaenda kwa wapinzani. Michezo hii miwili iliachana mwaka 1895 kule kaskazini mwa Uingereza, na sababu ilikuwa hela ya siku. Wachezaji wa kule walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani, wakienda kucheza Jumamosi wanakatwa mshahara, klabu zao zikataka ziwalipe fidia, wakubwa wa mchezo wakagoma. Tarehe 29 Agosti viongozi wa klabu wakakutana hotelini Huddersfield wakajitenga. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza mambo mengi: raga ligi tangu mwanzo ni mchezo wa mitaa ya wafanyakazi, na klabu imeshikana na mtaa wake kuliko wengi wanavyodhani. Mpaka leo ukitaka kujua inapolala nguvu ya mchezo huu unataja Wigan, St Helens, Leeds, Hull, na kwa Australia unataja Sydney na Brisbane na miji midogo ya bara.

Sasa "kijana wa nyumbani" ni nani? Hapa watu wanachanganya kuzaliwa na kulelewa. Klabu ikisema huyu ni wetu haimaanishi kwamba mama yake alijifungulia hospitali ya pale. Inamaanisha amepita kwenye timu za vijana za klabu, akafundishwa pale, akakomaa pale. Isaah Yeo, kapteni wa Penrith, ametokea Dubbo, mji wa bara ulio mamia ya kilomita magharibi ya Penrith, ukivuka milima. James Fisher-Harris ametokea New Zealand. Wote wawili wanahesabika kama zao la Penrith maana walifika wakiwa wadogo na wamepikwa kwenye jiko lile. Alafu wapo wale wa mtaani kabisa, Jarome Luai, Brian To'o na Stephen Crichton, vijana wenye asili ya Samoa waliokulia Mount Druitt, upande wa magharibi wa Sydney, eneo ambalo kwenye habari za Australia limezoea kutajwa kwa umaskini na uhalifu. Hao watatu wamelibadilishia jina eneo lao kuliko kampeni yoyote ya serikali, na mimi hilo linanigusa sana.

Ramani kidogo. Penrith iko kama kilomita 50 hivi kutoka katikati ya Sydney, chini ya milima ya Blue Mountains, ukingoni mwa mto Nepean. Klabu iliingia ligi kuu 1967, ikasubiri mpaka 1991 kupata ubingwa wa kwanza, wa pili 2003, alafu kimya cha miaka 18. Lakini miaka yote hiyo ya ukame, kitu kimoja hakikupungua, nacho ni watoto. Wilaya ya Penrith ina moja ya ligi kubwa kabisa za watoto katika raga ligi, klabu ndogondogo za mtaani kama St Marys zimejaa kila wikendi, zinaendeshwa na wazazi wanaojitolea, mmoja anapaka chokaa uwanjani, mwingine anachoma soseji za kuuza ili vipatikane vifaa. Msingi wa kila kitu upo pale. Watu wanaposikia neno akademi wanawaza jengo lenye jimu na vitanda vya masaji. Jengo lipo kweli, ila jengo halizai mchezaji. Bila maelfu ya watoto wanaocheza kwa kupenda tu, msaka vipaji hana cha kuchagua.

Kutoka hapo kuna ngazi. Kijana wa miaka 16 au 17 akionekana anaitwa kwenye timu ya wilaya inayocheza Harold Matthews Cup. Akiendelea anapanda S.G. Ball Cup, ya chini ya miaka 19. Kisha Jersey Flegg ya chini ya miaka 21, kisha NSW Cup ambayo ni kama timu ya akiba ya watu wazima, ndipo ligi kuu yenyewe, NRL. Mwaka 2022 Penrith walibeba S.G. Ball, Jersey Flegg, NSW Cup na NRL, yani vikombe vinne vya ngazi nne ndani ya msimu mmoja. Anayesema wananunua kila mtu angeanza kwa kueleza huo mwaka, maana mtoto wa miaka 18 wa S.G. Ball hajanunuliwa na mtu.

Haya, tuje kwenye hela, ndipo penye utata mkubwa. NRL ina ukomo wa mishahara. Kila klabu ina kiwango kilekile cha juu cha kulipa wachezaji wake 30 wa kwanza, zaidi ya dola milioni 11 za Australia kwa msimu miaka hii ya karibuni, na haijalishi tajiri wako ana hela kiasi gani benki. England nao wanao, ila ni mdogo sana, Super League, ligi yao kuu, ukomo wake umekuwa pauni milioni 2.1. Na sio sheria ya mapambo: Melbourne Storm walibainika kuwa na vitabu viwili vya hesabu, na mwaka 2010 wakanyang'anywa ubingwa wao wa 2007 na 2009. Vikombe walishanyanyua, picha walishapiga, vikafutwa.

Ukomo wa mishahara ndio unaofanya kulea vijana kuwe na maana. Chukulia nyumba zote za mtaa mmoja zimepewa elfu ishirini ileile ya sokoni, hakuna anayeruhusiwa kuongeza hata mia. Nyumba yenye bustani ya mchicha na bamia uani inabakiwa na hela ya nyama, nyumba isiyo na bustani inanunua mpaka kitunguu. Kijana wa miaka 20 uliyemlea mwenyewe analipwa kidogo kwa sababu ndio kwanza anaanza, lakini anaweza kukuchezea kiwango cha nyota. Ukiwa na sita au saba wa namna hiyo kwa wakati mmoja, unabaki na nafasi ya kumlipa nyota wa timu, Nathan Cleary, anachostahili. Hivo ndivyo Penrith walivyojenga kikosi cha 2020 na 2021. Tatizo ni kwamba vijana hao wakishakuwa mabingwa na wakaitwa timu ya jimbo na timu ya taifa, bei yao inapanda wote kwa pamoja, na ile elfu ishirini iko palepale.

Ndio maana wanaondoka. Matt Burton alienda klabu ya Bulldogs baada ya ubingwa wa 2021. Baada ya 2022 wakaondoka Viliame Kikau na Api Koroisau. Baada ya 2023, Stephen Crichton na Spencer Leniu. Baada ya 2024, Jarome Luai akaenda Wests Tigers kwa mkataba wa miaka 5 na Fisher-Harris akarudi nyumbani New Zealand kuchezea Warriors. Watu waliopita hapo wanatosha kuunda timu nzima ya kugombea ubingwa.

Na klabu inalipwa shilingi ngapi? Kwa kawaida, sifuri. Hili ndilo watu wa soka hawaamini wakiambiwa. Kwenye soka akademi nyingi zinaishi kwa kuuza, unamlea kijana, unamuuza ulaya, na hata akiuzwa tena huko mbele klabu iliyomlea utotoni inapata mgao. NRL haina soko la ada za uhamisho la namna hiyo. Mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bure. Zaidi ya hapo, sheria inamruhusu mchezaji anayeingia mwaka wa mwisho wa mkataba wake kuongea na klabu nyingine kuanzia tarehe 1 Novemba, kwahiyo unakuta mtu ameshasaini kwa wapinzani na bado anakuchezea msimu mzima. Crichton alicheza 2023 yote huku kila mtu akijua anaenda Bulldogs. Luai vivyohivyo 2024.

Kwetu huku mtu akifanya hivyo angeitwa msaliti na akipiga pasi mbovu mashabiki wangesema anacheza kwa mguu mmoja. Sasa angalia fainali ya 2023. Brisbane Broncos wanaongoza 24 kwa 8, zimebaki kama dakika 20 na ushee, Luai ametoka ameumia bega. Cleary anamtengenezea Moses Leota trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ndio bao la raga). Dakika chache baadae trai ya pili inafungwa, na anayeifunga ni Crichton, mtu ambaye hiyo ndio mechi yake ya mwisho na jezi ya Penrith. Dakika ya 76 Cleary anachukua mpira mwenyewe, anakata ndani, anafika chini ya magoli. 26 kwa 24. Ukitaka kuelewa kwanini kulea kuna thamani hata bila ada ya uhamisho, nadhani hapo ndio pa kuangalia, vijana waliocheza pamoja tangu hawajaota ndevu hawaachani mkono kwa sababu mmoja ameshasaini kwingine.

Kuna uzushi mmoja kuhusu Cleary lazima niuweke sawa maana unarudi kila mara: "anacheza kwa sababu baba ni kocha". Ivan Cleary ni kocha wa Penrith kweli. Lakini Ivan alifukuzwa na klabu hiyohiyo mwishoni mwa 2015, na Nathan alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwezi wa sita 2016, ana miaka 18, chini ya kocha mwingine, Anthony Griffin. Baba alikuja kurudi msimu wa 2019, mtoto akiwa tayari ameshaitwa timu ya jimbo la New South Wales. Mtu aseme baba alimfundisha mengi nyumbani, sawa, hilo hatubishani.

Jambo jingine ambalo watu hawalioni ni kwamba kipaji hakikui kwenye foleni. Klabu nyingi zina akademi nzuri sana, shida yao ni kwamba kijana akifika miaka 19 au 20 anakuta mbele yake kuna mkongwe wa miaka 31 aliyenunuliwa, na kocha anaogopa kufukuzwa akipoteza mechi tatu, kwahiyo mkongwe anacheza na kijana anaozea timu ya akiba mpaka anakata tamaa au anahama. Penrith waliamua tofauti. Phil Gould, aliyekuwa kocha wao kwenye ule ubingwa wa 1991, alirudi 2011 kama meneja mkuu wakati klabu iko hoi kifedha, na akasema wazi kwamba mpango ni kuwategemea watoto wa eneo lile. Ilichukua miaka kumi kufika kwenye kombe. Kati hapo timu yao ya chini ya miaka 20 ilibeba ubingwa wa taifa 2013 na 2015, na ukifuatilia utakuta mbegu za timu kubwa zilikuwa zinaonekana tayari, ila mashabiki walikuwa wanapiga kelele wanataka mastaa. Miaka kumi ya kuvumilia kelele, sijui ni klabu ngapi duniani zingeweza.

Alafu ipo hesabu ya miili. Utotoni, mtoto aliyewahi kukua anawapita wenzake wote, anabeba watu watatu mgongoni mpaka anafika mstari wa mwisho, makocha wanamwona ni dhahabu. Akifika miaka 18 wenzake wamemfikia kimo na uzito, na yeye hajawahi kujifunza kupiga pasi kwa sababu hakuwa na haja nayo. Yule mdogo aliyekuwa anaangushwa kila siku amejifunza kusoma mchezo. Ndio maana New Zealand kuna madaraja ya watoto yanayopangwa kwa uzito, na ndio maana walezi wazuri hawaharakishi kumtangaza mtoto wa miaka 13 kuwa staa. Ukiona klabu inajisifu kwa mtoto wa umri huo, mimi napata wasiwasi.

Kule England hadithi ni hiyohiyo kwa sura nyingine. St Helens ni mji wa viwanda vya vioo, watu hawafiki laki mbili, na klabu yao ilibeba ubingwa wa Super League mara nne mfululizo, 2019 mpaka 2022. James Roby alitokea klabu ya watoto ya Blackbrook palepale mjini, akaichezea St Helens zaidi ya mechi 500, akastaafu 2023 bila kuvaa jezi ya klabu nyingine. Jonny Lomax, Jack Welsby, Matty Lees, wote wametoka kwenye akademi yao. Februari 2023 hawa St Helens wakasafiri mpaka Penrith kucheza mechi ya bingwa wa England na bingwa wa Australia. Kwa hesabu ya mishahara ilikuwa ni mbio za baiskeli na pikipiki. Dakika 80 zikaisha 12 kwa 12, ikaingia muda wa nyongeza ambapo wa kwanza kupata pointi anashinda, na Lewis Dodd, zao la akademi, ana miaka 21, akapiga teke la pointi moja. 13 kwa 12. Mwaka uliofuata Wigan nao, klabu nyingine inayoishi kwa watoto wake, wakawafunga Penrith 16 kwa 12. Ni klabu hizihizi za kulea zilizofuta ile dharau ya kwamba raga ya England imekufa.

Je, bila watoto wa mtaani huwezi? Unaweza, ila utalea watoto wa mtaa wa wenzako. Melbourne ni mji wa mpira mwingine kabisa, ule wa kanuni za Australia, raga ligi pale haina mizizi. Storm walitatua kwa kushirikiana na Norths Devils ya Brisbane, na huko ndiko walikopita Cameron Smith, Billy Slater na Cooper Cronk kabla ya kuwa walivyokuwa. Kwahiyo ukisikia "Melbourne hawakuzi vijana" sio kweli, wanakuza, sema shamba liko mbali.

Kuna mtu atauliza kwanini wasifanye kama kikapu cha Marekani, timu zilizofanya vibaya zichague vijana kwanza. Walijaribu mwanzoni mwa miaka ya 90, wachezaji wakaenda mahakamani, na 1991 mahakama ikasema huwezi kumlazimisha mtu kufanya kazi mji asioutaka. Tangu hapo mada ya kudumu imekuwa nyingine: klabu iliyomlea mchezaji ipewe nafuu kwenye ukomo wa mishahara ili iweze kumbakiza. England wanayo nafuu ya aina hiyo kwa mchezaji aliyelelewa na klabu. NRL kelele ni nyingi kuliko hatua. Mimi niko upande wa nafuu. Klabu inayotumia miaka nane kwa mtoto mmoja isiwekwe mzani mmoja na ile inayosubiri aive ndio ipige simu. Ila naelewa hofu ya upande wa pili pia, ukiwapa Penrith nafuu kubwa wakati wana watoto wengi kuliko wote, hao wengine watashinda lini?

Na tusisahau wengi wasiofika. NRL ina klabu 17, kila moja wachezaji 30 wa kwanza, ni nafasi kama 510 tu kwa Australia yote na New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Kijana aliyefika S.G. Ball tayari ni bora kuliko maelfu, na bado uwezekano mkubwa ni kwamba hatocheza ligi kuu hata mechi moja. Familia nyingi za wahamiaji zinaweka matumaini yote kwa mtoto mmoja, nyumba nzima inasubiri mkataba. Klabu inayolea kwa haki inamsimamia shule au fani ya mikono, umeme, ujenzi, ili akiachwa ana miaka 20 asirudi nyumbani mikono mitupu. Kwangu mimi hicho ndio kipimo cha kwanza cha akademi, kabla hata ya kuhesabu vikombe.

Msimu wa 2025 wengi walisema Penrith imekwisha. Baada ya raundi 12 walikuwa mkiani kabisa mwa ligi. Wakashinda mechi tisa mfululizo, wakaingia nane bora mpaka wakafika hatua ya mwisho kabla ya fainali, wakatolewa na Broncos 16 kwa 14, na Broncos hao ndio wakawa mabingwa. Kwenye kikosi kile alikuwepo Casey McLean, aliyeanza ligi kuu 2024 akiwa na miaka 18, amepita ngazi zilezile za akina Luai.

Lakini kwa wasichana bado. Penrith ina timu za wasichana wa chini ya miaka 17 na 19, wanacheza na jezi ileile, kwenye viwanja vilevile. Mpaka msimu huo wa 2025 klabu haikuwa na timu kwenye ligi kuu ya wanawake, NRLW, kwahiyo binti wa Mount Druitt aliyelelewa na Penrith tangu mdogo, akitaka kucheza ngazi ya juu, anafungasha anaenda kuchezea mtaa mwingine.